Baada ya Mayowe: Namna ya Kuisikia Posti-hadikoo

Kiangazi cha mwaka 1985, jijini Washington, vijana waliokuwa wakipiga moja ya miziki ya kasi kuliko yote Marekani walianza kuukimbia muziki wao wenyewe. Miaka michache nyuma walikuwa wameichukua panki, roki fupi ya kelele, wakaikaza hadi nyimbo zikabaki na dakika moja, nyingine hata hazifiki. Dramu zinakimbia, gitaa linakwaruza, mtu anapiga mayowe, wimbo umekwisha. Hiyo ndiyo hadikoo. Ilibeba hasira za kweli, na vijana wengi waliokuwa hawana pa kusemea walisemea humo. Lakini kadiri siku zilivyokwenda kumbi zikajaa watu waliokuja kupigana. Mtu anavaa mabuti, anaingia katikati ya watu kutafuta wa kumpiga teke. Wasichana wakasukumwa hadi ukutani, wadogo wakaacha kuja. Muziki wa wanyonge ukawa uwanja wa wababe.

Ndipo zikatokea bendi kama Rites of Spring, Embrace na Beefeater, na msimu ule wenyewe wakauita kiangazi cha mapinduzi. Walipunguza mbio, wakaruhusu tuni iingie, wakaimba juu ya majuto, urafiki uliovunjika na kumbukumbu zinazouma, mambo ambayo mbabe hawezi kuyapigia mateke. Guy Picciotto wa Rites of Spring aliimba sauti ikikatika katikati ya neno, na kwenye albamu yao ya 1985 mikatiko ile iliachwa kama ilivyo. Kutoka hapo, na kutoka miji mingine iliyokuwa ikifikiria jambo lilelile, ikakua posti-hadikoo.

Watu wengi huielewa vibaya kwa sababu wanaikadiria kwa ukubwa wa kelele. Mimi naiona kama swali moja lililopigiwa magitaa kwa miaka arobaini sasa: ukishapiga mayowe na bado una la kusema, utalisemaje? Ukilishika swali hilo, mengi yanayoonekana kuwa vurugu yanakaa sawa. Naliandika hili nikiwa Tabora, mji wa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na nina hakika kwamba sikio lililolelewa na muziki wa dansi lina mahali pa kuanzia ambapo vijana wengi wa Ulaya hawana.

Tuanze na mizizi, maana hapo kuna jambo linalosahaulika. Bendi iliyoifundisha Washington kasi ilikuwa Bad Brains, vijana weusi walioanza wakipiga jazi ya kuchanganya na roki, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 wakahamia panki, na kwa kuwa walikuwa Marasta, wakaweka rege katikati ya moto ule. Unasikiliza wimbo unaokimbia kama unafukuzwa, unaofuata ni rege tulivu ya kukaa kitako. Washington pia ulikuwa mji wa go-go, muziki wa dansi wa watu weusi wenye ngoma nyingi za mkono na mdundo usiokatika kati ya wimbo na wimbo. Bendi ya Minor Threat, iliyokuwa kinara wa hadikoo pale, ilipiga onyesho lake la mwisho mwaka 1983 jukwaa moja na Trouble Funk, bendi ya go-go. Kwa hiyo waliokuja kuunda posti-hadikoo walikuwa wameshasikia rege na go-go kwa masikio yao, mjini kwao. Walijua kwamba besi inaweza kuongoza, na kwamba nafasi tupu kati ya mpigo na mpigo nayo inapigwa.

Sasa sauti yenyewe. Kwenye dansi letu tunajua kazi zimegawanywa: rithimu inashika njia, solo linajibu, besi inatembea chini, tumba na dramu zinashona. Mpiga solo mzuri hamfuniki mwimbaji. Anangoja mstari uishe ndipo aingie. Kwenye hadikoo mgawanyo huo ulikuwa umekufa, maana magitaa yote yalipiga kitu kimoja kwa nguvu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Posti-hadikoo iliwagawia tena kazi. Chukua bendi ya Fugazi, iliyopanda jukwaani mara ya kwanza Septemba 1987: Ian MacKaye aliyetoka Minor Threat, mpiga dramu Brendan Canty aliyetoka Rites of Spring, Joe Lally kwenye besi, na Picciotto aliyejiunga nao baadaye. MacKaye na Picciotto wanapigishana magitaa kwa kupokezana. Mmoja anakata vipande vifupi vikavu, mwingine anaingiza sauti kali ya juu inayokaa sekunde moja na kutoweka. Lally chini yao anarudia mstari mmoja wa besi wenye damu ya rege, na mara nyingi huo mstari ndio wimbo.

Tofauti na dansi inakuja kwenye noti zenyewe. Mpiga solo wa Tabora Jazz alitafuta noti zinazopatana, zinazoteleza. Wapigaji wa posti-hadikoo hupenda kushika noti mbili zilizokaribiana mno, za nusu hatua, ambazo zikilia pamoja zinagombana, na sikio linataka mmoja aondoke. Kisha wanazishikilia. Mbinu nyingine ni kupiga noti moja mara mbili kwa wakati mmoja, ya chini na ya juu yake, huku waya wa katikati umezibwa kwa kidole. Inatoa sauti nyembamba yenye makali, inayopenya katikati ya dramu bila kuwa nzito. Na mpigo nao mara nyingi haukai kwenye hesabu ya nne tuliyoizoea. Unakuta saba, unakuta tano, mguu wako unataka kukanyaga na wimbo umeshapita. Hii ni makusudi. Mtu asiyeweza kubashiri hatua inayofuata analazimika kusikiliza.

Wimbo wa Fugazi uitwao Waiting Room, wa mwaka 1988, unaonyesha mgawanyo huo wa kazi chini ya nusu dakika. Besi inaanza peke yake. Gitaa linaingia likiwa limebanwa kwa kiganja, dramu zinaingia, wote wanapanda pamoja, mwili wako unajiandaa kupokea mwimbaji. Halafu kimya. Hakuna mwangwi, hakuna simbali inayofifia. Sekunde nne hivi za kutokuwa na kitu kabisa. Kisha bendi nzima inarudi kwa pigo moja kana kwamba haijaondoka.

Nilimsikilizisha wimbo huo mpiga besi wa kwaya moja hapa Kanyenye, kijana anayefanya mazoezi na wenzake karibu na ninapoishi. Ukimya ulipoingia aliiangalia simu yangu. “Kaka, bando limekata?” Kabla sijamjibu bendi ikarudi, naye akashtuka, akaurudisha wimbo mwanzo. Baadaye nikamwona anahesabu kwa kidole pajani kwenye kile kimya, na kilipoisha kidole kikaangukia mahali pake. “Hawa wanafanya mazoezi kila siku,” akasema. “Kuanza pamoja kila mtu anaweza. Kunyamaza pamoja na kurudi pamoja, hapo ndiyo kazi.” Sijasoma uchambuzi uliosema vizuri zaidi ya hapo. Wale jamaa walizaliwa kwenye muziki ulioogopa kupumua, wakajifunza kusimama, na kusimama kwao kukawa na nguvu kuliko mbio zao.

Mayowe ndiyo yanayowakimbiza wengi, na hapa mjini nimesikia yakiitwa ya kishetani. Nitayaeleza kama yalivyo. Kwenye koo, juu kidogo ya nyuzi za sauti tunazosemea, kuna mikunjo mingine ya nyama. Mpiga mayowe anayeijua kazi yake huitikisa mikunjo hiyo kwa pumzi iliyosukumwa kutoka kwenye kiwambo, chini ya mapafu, na nyuzi za sauti zinabebeshwa mzigo mdogo. Asiyejua huzikwaruza nyuzi zenyewe, na koo linamlipa. Ni ufundi wenye kujifunzwa. Na kuhusu shetani, bendi ya Underoath ya Florida, mojawapo ya zilizouza sana katikati ya miaka ya 2000, wakati huo ilijitangaza waziwazi kuwa ya Wakristo. Kilicho muhimu zaidi ni mahali mayowe yanapowekwa. Kwenye hadikoo yapo kuanzia sekunde ya kwanza, kwa hiyo baada ya muda sikio linayazoea na hayasemi tena. Kwenye posti-hadikoo nzuri mwimbaji anaanza kwa kusema, anaimba, anajizuia, na maneno yanapomshinda ndipo sauti inapasuka. Anayesikiliza msibani anaijua tofauti ya aliyelia tangu asubuhi na yule aliyekaa kimya hadi jeneza linateremshwa.

Upande wa roho ya muziki huu nataka kukaa zaidi, kwa sababu wengi huutenganisha na sauti, na mimi naamini ni kitu kimoja.

Mwanamuziki yeyote wa Tanzania anajua uzito wa kumiliki vyombo. Bendi zetu nyingi zilipiga vyombo vya mtu au vya shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, nyingine za jeshi, nyingine za tajiri mwenye ukumbi. Mwenye vyombo akikasirika, bendi imekufa hata kama wapigaji wapo. Vijana wa Washington waliliona tatizo hilohilo kwa sura ya lebo za kurekodi. Mwaka 1980, MacKaye na Jeff Nelson, wakiwa wametoka tu shule ya sekondari, walichukua akiba ndogo ya shoo za bendi yao ya Teen Idles iliyokuwa imevunjika, wakachapisha santuri yao wenyewe na kuanzisha lebo ya Dischord. Majalada waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono. Lebo hiyo ipo hadi leo, na imefanya kazi na bendi zake kwa kupeana mkono bila mikataba, ikigawana nazo faida.

Fugazi ilipokua na kupata wafuasi dunia nzima iliendelea hivyohivyo. Kiingilio kwa kawaida kilikuwa dola 5. Hawakuuza fulana. Walidai watu wa umri wowote waruhusiwe kuingia, jambo gumu Marekani ambako kumbi nyingi za muziki ni baa na umri wa kunywa pombe ni miaka 21. Kwa hiyo walipiga sana kwenye kumbi za jumuiya, za shule, za makanisa. Lebo kubwa ziliwafuata na fedha nyingi, wakakataa. Wenzao wa Jawbox na Shudder to Think walikwenda huko miaka ya 1990, na siwalaumu, mtu ana kodi ya kulipa. Lakini Fugazi walipiga zaidi ya maonyesho 1,000 hadi 2002 bila kuwa na bosi.

Jambo moja la maonyesho yao linanigusa kuliko yote. Mtu akianza kuwapiga wenzake mbele ya jukwaa, bendi inaacha kupiga. MacKaye anazungumza naye kwa maiki, kwa heshima lakini bila kumung’unya maneno, anamwomba aache. Asipoacha, anasindikizwa nje na kurudishiwa fedha yake. Walikuwa na bahasha zenye dola tano tano zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Fikiria kukata wimbo katikati, ukumbi umejaa, jasho linakutoka, kwa ajili ya msichana mmoja anayebanwa usiyemjua jina. Kimya kile cha Waiting Room na kimya cha bendi iliyosimama ili mtu asiumizwe vimetoka kwenye tabia moja: kutokubali kwamba nguvu ya muziki inahalalisha chochote kinachotokea mbele yake.

Chicago walikuwa na njia yao. Steve Albini, aliyeanza na bendi ya Big Black ambako mashine ilishika nafasi ya mpiga dramu, alikuja kuwa fundi mitambo aliyerekodi mamia ya bendi. Aliweka maiki mbali na ala pamoja na zile za karibu ili chumba chenyewe kisikike, kwa hiyo dramu zake zina hewa, unahisi ukuta uko wapi. Alitoza ada ya kazi tu na kukataa mrabaha, hata alipoirekodi bendi maarufu ya Nirvana mwaka 1993, kwa hoja kwamba wimbo ni wa bendi na fundi analipwa ufundi. Alifariki Mei 2024. Kwa fundi wa studio yeyote Tabora anayelipwa kwa wimbo mmoja mmoja, msimamo ule unastahili kujadiliwa mezani.

Kusini kidogo, Louisville, vijana wanne wa Slint, ndio kwanza wameingia utu uzima, walitoa albamu ya Spiderland mwaka 1991 wakiwa wameshavunjika kabla haijatoka. Humo mwimbaji karibu haimbi. Anasimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuhadithia kitu usiku na hataki walio chumba cha pili wasikie, magitaa yanazunguka taratibu, na mara chache sana kila kitu kinalipuka. Wakati wake iliuza kidogo. Leo huwezi kuandika historia ya roki ya miaka ile ukairuka.

Miaka saba baadaye Refused wa Umeå, Sweden, walitoa The Shape of Punk to Come, jina walilolifananisha kwa makusudi na la albamu ya Ornette Coleman ya 1959, yule mpiga saksafoni aliyeifungua jazi. Waliingiza besi ya jazi, vinanda vya nyuzi, midundo ya kompyuta. Mwaka huohuo bendi ilivunjika; onyesho lao la mwisho la wakati ule lilikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba huko Virginia, na polisi walilikatisha.

At the Drive-In ndio ninaowapenda zaidi kwa moyo. Walitoka El Paso, Texas, mji unaotazamana na Ciudad Juárez ya Mexico ng’ambo ya mto, na mpaka ule umo ndani ya muziki wao. Kwenye albamu yao ya Relationship of Command ya mwaka 2000 kuna wimbo juu ya wanawake waliokuwa wakiuawa Juárez huku mamlaka zikitazama pembeni. Mwimbaji anausema zaidi ya kuuimba, na kiitikio kinaporudi kila mara kinazidi uzito. Watu wa Kigoma, waliozoea kuona milima ya nchi nyingine ng’ambo ya ziwa na kupokea watu waliokimbia yaliyoko huko, wataelewa haraka kwa nini bendi ya mpakani huandika nyimbo za namna hiyo.

Januari 2001 bendi hiyo ilipanda jukwaani Sydney, kwenye tamasha la Big Day Out. Umati ulikuwa unasukumana vibaya. Mwimbaji Cedric Bixler aliwaomba waache, hawakusikia, akawaambia wamekuwa kondoo, akawalilia kama kondoo kwenye maiki, na baada ya nyimbo chache bendi ikashuka. Siku ileile, tamasha lilelile, bendi nyingine ikiwa jukwaani, msichana mdogo alibanwa na umati na akafariki siku chache baadaye. Wapo waliomwona Cedric kuwa mtu wa kujidai. Aliona kinachokuja, na alikuwa amelelewa na mila ya wale wa bahasha za dola tano. Miezi michache baadaye At the Drive-In ilisambaratika.

Baada ya hapo redio zikaingia. Bendi kama Thursday ya New Jersey, na albamu yao ya Full Collapse ya 2001, bado zilikuwa na moyo wote. Lakini kufikia katikati ya muongo ule wengi walikuwa wameshika kanuni moja: beti kwa mayowe, kiitikio kwa sauti tamu, rudia. Mayowe yakawa na ratiba. Ndiyo maana mtu aliyeanzia kwenye video za miaka ile huona posti-hadikoo yote ni vijana wenye nywele zilizofunika jicho moja, na hataki kusikia zaidi. Namwelewa, ila namwomba arudi nyuma miaka kumi na tano.

Karibu na sisi, Nairobi ina Crystal Axis, bendi ya panki inayoimba historia ya Kenya bila kuipaka sukari, na ilikuwa na Duma, watu wawili waliotoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, mayowe juu ya midundo ya kompyuta ya kasi ya kutisha. Duma si posti-hadikoo kwa kipimo cha kitabu, lakini swali ni lilelile. Hapa Tabora magitaa mengi ya umeme yako makanisani, na wapigaji wa kwaya wana nidhamu ambayo muziki huu unaidai: wanajua kupokezana, wanajua kungoja.

Anayetaka kuanza aanze na 13 Songs ya Fugazi, ya 1989, kisha aruke hadi The Argument ya 2001 asikie bendi ileile ilivyojifunza upole bila kupoteza makali. Relationship of Command ifuate, Spiderland ije mwisho. Maonyesho mengi ya Fugazi yalirekodiwa, na walipoanza kuyaweka mtandaoni mwaka 2011 bei waliyopendekeza ilikuwa dola 5, ila uliruhusiwa kulipa pungufu. Usisikilizie kwenye spika ya simu, besi ya Lally haitoki humo. Tafuta hedifoni hata za bei ndogo pale sokoni. Na kama unapiga gitaa, shika zile noti mbili zinazogombana, zipige, na usikimbilie kuzipatanisha.